Mhandisi Huivia Kazini: Lawama Tunazokitwika Chuo Kikuu cha Nairobi

Tangu ujenzi wa barabara ya Rironi hadi Mau Summit uzinduliwe Novemba 2025, swali moja limerudi kwa nguvu jijini Nairobi, katika matatu na kwenye meza za chai. Chuo kikuu chetu kikongwe kimefundisha uhandisi kwa karibu miaka 70. Mbona kila kazi kubwa bado inapewa Wachina? Reli ya kisasa kutoka Mombasa, iliyofunguliwa 2017, ilijengwa na China Road and Bridge Corporation. Barabara ya juu ya kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, iliyofunguliwa 2022, ni kampuni hiyo hiyo. Uwanja wa Talanta ni hiyo hiyo. Sasa kampuni za China zimerudi kwa ajili ya barabara hiyo ya Rironi, inayopitia Nakuru, safari hii NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, nao ukitia fedha za wafanyakazi wa Kenya. Jibu ambalo wengi hulitoa bila kusita ni kwamba wahandisi wetu hawajaiva, na kwamba kosa liko Harry Thuku Road, kwenye kitivo cha uhandisi cha Chuo Kikuu cha Nairobi.

Jibu hilo limebisha mlango usio wake. Kitivo kina makosa, nami nitayataja bila kuyapunguza. Lakini shule ya uhandisi haizai viwanda. Inamtoa kijana mwenye hesabu, fizikia na mazoea ya kufikiri kwa mpangilio. Kinachomfanya mhandisi ni kazi, tena kazi inayojirudia, akiwa chini ya mkubwa aliyewahi kukosea na kurekebisha. Nchi inayowanyima watu wake kazi hiyo haitapata wahandisi hata ikifungua vitivo vingine ishirini. Tulichopoteza Kenya ni mahali pa kumpeleka kijana siku inayofuata mahafali, na mahali hapo hatukunyang'anywa na chuo.

Turudi nyuma kidogo. Royal Technical College, mzazi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, ilipokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1956. Wakati huo Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki lilikuwa na makao makuu na karakana kubwa hapa hapa Nairobi. Idara ya ujenzi ya serikali ilikuwa na ofisi za kuchora, maabara za kupima udongo na lami, magari yake na mafundi wake. Mhitimu hakuachiwa cheti mkononi akatafute njia. Aliingia katika shule ya pili, ambako alikabidhiwa daraja dogo, kisha daraja kubwa, na mzee mmoja akakagua michoro yake kwa kalamu nyekundu. Chuo kilipopata hadhi kamili mwaka 1970, shule hiyo ya pili ilikuwa bado hai. Kisha ikaanza kufa kwa awamu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977 na reli ikagawanywa vipande vitatu. Katika miaka ya 1990, kwa masharti ya Benki ya Dunia na IMF, serikali ilifunga ajira na kupunguza watumishi. Kazi za ujenzi zikatolewa nje, na sheria ya barabara ya 2007 ilipounda mamlaka za barabara kuu, za mijini na za vijijini, yaani KeNHA, KURA na KeRRA, ilizipa mamlaka hizo jukumu la kusimamia barabara, si la kuzijenga kwa mikono yao. Mhandisi wa serikali aliyekuwa akibuni daraja akawa mhandisi wa kusoma ripoti ya mshauri kuhusu daraja. Hakuna mtaala unaoweza kuziba pengo la namna hiyo.

Kisa cha gari la Nyayo kinatajwa kila mara kama aibu ya chuo, na hapa ndipo naona tumejidhulumu zaidi. Mwaka 1986 Rais Moi alikiomba Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari, hata kama litakuwa na sura mbaya na mwendo wa pole. Kufikia 1990 magari matano ya mfano, yaliyopewa jina Pioneer, yalikuwa yameonyeshwa hadharani, yakiwa na uwezo wa kwenda kilomita 120 kwa saa. Wahadhiri na mafundi waliokuwa hawajawahi kuunda gari walikuwa wametimiza walichoagizwa. Baada ya hapo chuo hakikuwa na la kufanya tena, kwa kuwa kutoka gari la tano hadi gari la elfu moja si kazi ya mhadhiri. Ni kazi ya mtaji, ya wauzaji wa vipuri, na ya mnunuzi aliyeahidi kuchukua magari mangapi na kwa bei gani. Mnunuzi huyo hakuwepo. Serikali yenyewe, iliyokuwa na magari mengi kuliko yeyote nchini, iliendelea kununua ya nje. Mradi ulikufa, na shirika lililobaki likageuka kuwa Numerical Machining Complex, la kutengeneza vipuri na sehemu za mashine. Tukaandika katika kumbukumbu zetu kwamba wasomi walishindwa kuunda gari. Ukweli ni kwamba waliliunda, na hakuna aliyeliagiza.

Sasa tazama Olkaria, kilomita chache kutoka Naivasha. Mtambo wa kwanza wa jotoardhi, wa megawati 15, uliwashwa huko mwaka 1981. Kufikia 1985 ilikuwa mitambo mitatu. Wakati huo ujuzi mwingi ulitoka nje, na vijana wetu walikuwa wakipelekwa Iceland, kwenye programu ya Chuo Kikuu cha Umoja wa Mataifa iliyoanza 1979, kujifunza jiolojia ya mvuke, kemia ya visima na uchimbaji. Walikuwa na shahada zao kutoka vyuo hivi hivi vyetu tunavyovidharau. Tofauti ilikuwa kwamba waliporudi walikuta kisima kinachowasubiri, na baada ya hicho kingine, na kingine tena. Kuchimba kisima cha kilomita 3 katika mwamba wa volkeno hakufundishwi kwa kitabu. Bomba linapokwama chini, matope ya kuchimbia yanapopotea katika nyufa, mvuke unapotoka ukiwa na gesi usiyoitarajia, anayeamua la kufanya ni yule aliyeliona tatizo hilo mara sita zilizotangulia. KenGen, kampuni ya kuzalisha umeme inayomilikiwa zaidi na serikali, ilinunua mitambo yake ya kuchimba badala ya kukodi tu. Miradi ya mwaka 2014 iliongeza megawati 280, na Olkaria V ikafuata 2019. Leo jotoardhi hutoa takriban asilimia 40 ya umeme wetu. Na timu za KenGen zimekwenda Ethiopia na Djibouti kuchimba visima kwa malipo. Wahandisi wa Kenya wanauza ujuzi wao nje ya mipaka, katika taaluma ngumu kuliko kutandaza lami, na jambo hilo halitajwi wakati wa kuwakejeli wahitimu wetu.

Sitaki kuipaka Olkaria rangi isiyo yake. Mitambo inayogeuza mvuke kuwa umeme bado hutoka nje, hasa Japani. Wakandarasi wa kigeni bado wako pale. Lakini kiini cha ujuzi, yaani kujua mvuke uko wapi, kuutoa na kuutunza, kiko mikononi mwa Wakenya, kwa sababu mnunuzi mmoja wa umma aliendelea kuagiza kazi ile ile kwa zaidi ya miaka 40 na akakataa kuianza upya kila serikali ilipobadilika. Weka Olkaria kando ya gari la Nyayo. Nchi ni moja, vyuo ni vile vile, na akili ni zile zile. Upande mmoja ulikuwa na oda zisizokatika. Upande wa pili ulikuwa na sherehe ya uzinduzi.

Wanaokilaumu chuo wana hoja nzito ambazo hazistahili kupuuzwa. Tangu mpango wa wanafunzi wa kujilipia ulipoanza mwishoni mwa miaka ya 1990, madarasa yamejaa kuliko maabara. Mwanafunzi anaweza kumaliza miaka mitano ya umekanika akiwa amesimama kwenye mashine ya kukereza mara chache, akitazama wenzake kumi wakimtazama fundi. Wahadhiri hupandishwa cheo kwa makala za kitaaluma. Aliyetatua tatizo la kiwanda hapati alama yoyote kwa hilo. Kuna pia mvutano wa miaka mingi kati ya Bodi ya Wahandisi Kenya, EBK, na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu kuhusu nani ana mamlaka ya kuidhinisha kozi. Aliyeumia ni mwanafunzi: wahitimu zaidi ya 100 wa Chuo Kikuu cha Egerton waliokataliwa usajili walilazimika kupigania haki yao hadi Mahakama ya Juu. Mzazi aliyeuza shamba kulipa karo hakustahili kusikia, baada ya mahafali, kwamba shahada ya mwanawe haitambuliwi na wanaotoa leseni.

Na kuna kosa jingine ambalo si la Chuo Kikuu cha Nairobi ila linakiumiza. Mhandisi mmoja anahitaji mafundi mchundo kadhaa chini yake, wanaojua kusoma mchoro na kuugeuza kuwa chuma. Kazi hiyo ilifanywa na Kenya Polytechnic, iliyoanzishwa 1961, ng'ambo tu ya katikati ya jiji. Mwaka 2007 ikafanywa chuo kikuu kishiriki, na 2013 ikawa Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Kenya. Ile ya Mombasa ikapita njia hiyo hiyo. Kila mtu alitaka shahada, na wanasiasa wakaigawa. Vyuo vya ufundi vinafufuliwa sasa, jambo ambalo naliunga mkono kwa moyo wote, lakini kizazi kizima cha mafundi wa ngazi ya kati kilikosekana hapo katikati, na ombwe hilo likahesabiwa kuwa udhaifu wa wahandisi.

Hoja ninayoiheshimu zaidi ni ya wachumi wanaosema: kwa nini tujisumbue? Mchina anajenga haraka, ana mashine, na benki yake inamfuata nyuma. Hata M-Pesa, fahari yetu kuu, ilianza mwaka 2007 kwa mfumo ulioandikwa Uingereza, na hadi 2015 seva zake zilikuwa Ujerumani. Hatukuuvumbua wote nyumbani, na bado ulibadilisha maisha ya mama mboga wa Gikomba. Ni kweli. Nchi haiwezi kuunda kila kitu, na ingekuwa upumbavu kujaribu. Lakini tazama kilichofuata. Safaricom, kampuni ya simu inayoendesha M-Pesa, haikuishia kuwa wakala wa mfumo wa wengine. Ilikuwa na mamilioni ya wateja waliotuma pesa kila siku, mfumo ulioelemewa, na matatizo yasiyokuwa na kitabu popote duniani. Wahandisi wa Kenya walijifunza kwa kuwa mzigo ulikuwa juu ya mabega yao. Kununua nje si kosa. Kosa ni kununua na kukabidhi ufunguo pia. Barabara ya juu ya Nairobi inaendeshwa na kampuni ya kigeni kwa miaka 27 kabla ya kurudi kwa serikali. Ikirudi, nani atakuwa amewahi kukagua nguzo zake kwa mikono yake?

Hoja dhaifu kuliko zote, na ndiyo inayosikika zaidi, ni kwamba vijana wetu hawataki kuchafua mikono. Kwamba wanataka ofisi, tai na gari. Nina mpwa aliyehitimu umekanika na kutuma maombi kwa zaidi ya mwaka mzima. Leo anauza vipuri Kirinyaga Road, anafungua duka saa kumi na mbili asubuhi, na jioni mikono yake ina grisi hadi kwenye viwiko. Hakukataa kazi chafu; alikosa kazi ya uhandisi. Ukitaka ushahidi mwingine, toka lango la chuo ushuke kwa miguu hadi Kamukunji, mwendo wa nusu saa hivi. Hapo utasikia nyundo kabla ya kuona chochote. Watu wanakunja mabati kuwa masanduku ya shule, majiko, mikokoteni na mashine za kukata majani ya ng'ombe, chini ya jua, kwa bei ya kugombaniwa. Uvivu hauishi Kamukunji. Kinachokosekana ni mtu wa kuketi na fundi na kumweleza kwa nini kiungio kile huvunjika baada ya miezi minane, na namna ya kukibana kwa chuma kidogo zaidi. Mtu huyo yuko umbali wa nusu saa, amekaa darasani. Nusu saa hiyo haijavukwa tangu uhuru, kwa sababu hakuna anayemlipa yeyote kuivuka.

Wengine hupendekeza chuo kijifungulie viwanda. Chuo Kikuu cha Moi kilinunua kiwanda cha nguo cha Rivatex, Eldoret, mwaka 2007, na serikali ikaifufua kwa mkopo wa India. Mashine mpya zilikuja, lakini pamba ya kutosha haikuja, maana shule haiwezi kuamrisha wakulima kupanda. Ukitaka kuona mpangilio uliofaulu, tazama Korea Kusini, ambayo tunaiga kwa kujenga taasisi ya sayansi na teknolojia kule Konza, mji mpya wa teknolojia. Kampuni ya chuma ya POSCO ilianzishwa 1968, na tanuri lake la kwanza likawashwa 1973. Chuo kikuu cha uhandisi cha Pohang kilianzishwa na kampuni hiyo mwaka 1986. Tanuri lilitangulia, chuo kikafuata, kwa kuwa tanuri lilikuwa na maswali yaliyohitaji watu wa kuyajibu. Kenya iliahidi kuinua mchango wa viwanda hadi asilimia 15 ya pato la taifa kufikia 2022. Umebaki kwenye asilimia 7 na pointi kadhaa. Kuongeza wahitimu juu ya msingi huo ni kumimina maji kwenye ndoo isiyo na kitako, halafu kulaumu mto.

Siombi serikali imwage mabilioni. Mara nyingine mahitaji huzaliwa na karatasi moja iliyoandikwa vizuri. Kiwango cha KS 372 cha KEBS, shirika la viwango la Kenya, kinachohusu mabodi ya magari ya abiria, kilimtaka mwunda basi aonyeshe kwamba fremu yake ni imara. Watu wa karakana za mabodi Nairobi walilalamika, na baadhi walikuwa na sababu. Lakini kiwango kama hicho, kikisimamiwa kwa haki, humlazimisha mwenye karakana kutafuta mtu wa kupiga hesabu ya nguvu ya chuma pale alipokuwa akikisia kwa jicho. Ni kazi ya mhandisi inayopatikana bila zabuni hata moja ya serikali, na inayookoa abiria wa usiku. Mitungi ya gesi ni mfano mwingine. Marehemu Raila Odinga, aliyesomea uhandisi Magdeburg, Ujerumani, na kufundisha Chuo Kikuu cha Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1970, alianzisha wakati huo huo kampuni iliyokuja kuwa East African Spectre, na inayotengeneza mitungi hiyo hapa Nairobi. Usione siasa pale. Ona mhadhiri aliyeruhusiwa kuwa na mguu mmoja darasani na mmoja kiwandani, jambo ambalo kanuni za vyuo vyetu leo hulitazama kwa mashaka.

Kwa hiyo mjadala wa Rironi uhamie kwenye mkataba. Kifungu kimoja cha Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015 kinamtaka anayeshinda zabuni ahamishe ujuzi na teknolojia, atenge angalau asilimia 75 ya nafasi za kazi kwa Wakenya, na kati ya hizo zisizopungua asilimia 20 ziwe za wataalamu Wakenya katika ngazi ya usimamizi. Ni kifungu kizuri. Shida ni kwamba kinamfika mkandarasi wa kati na kuwapita wakubwa: miradi ya makubaliano kati ya serikali na serikali huachwa nje ya sheria hiyo, na miradi ya ubia na kampuni binafsi ina sheria yake ya 2021. Yaani pale ambapo kuna madaraja marefu zaidi, mahandaki, na mashine ambazo mhandisi kijana hatazigusa kwingine, ndipo wajibu wa kumfundisha unapolegea. Na hata Wakenya wanapohesabiwa, anayeshika bendera ya kuelekeza magari huhesabiwa sawa na anayesaini mchoro wa nguzo.

Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 waliingia sekondari ya juu, na wizara inataka asilimia 60 wafuate mkondo wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati. Barabara ya juu ya Nairobi itakaporudi mikononi mwa umma, karibu mwaka 2049, watoto hao watakuwa na miaka chini ya 40, umri ambao mhandisi huwa amekomaa. Wakandarasi wa Rironi wanaweza kuagizwa leo kuwapokea wahitimu kwa ile miaka mitatu ya kazi ambayo EBK inadai kabla ya usajili, si kama watazamaji bali wakiwa na majina yao kwenye michoro, na nakala za michoro hiyo zikihifadhiwa kwenye kitivo cha uhandisi ili mwanafunzi wa mwaka wa nne aisome barabara anayopita akienda nyumbani. Wakati tukisubiri hayo, KeNHA inaweza kufanya jambo dogo mwezi huu: kuchapisha orodha ya vyeo vya uhandisi katika mradi huo, kuanzia mkuu wa ubunifu hadi mkaguzi wa zege, na kuonyesha katika kila cheo kama aliyekishika ni Mkenya.